Lundo Moja la Kahawa

Tangu Jumanne sijatulia. Nilikuwa kwenye kiwanda cha kahawa karibu na Giakanja, pale tunapomwaga kahawa chini na kutoa punje mbichi kabla ya kupima. Kijana wa haki za binadamu kutoka Nairobi alipanda juu ya kreti, akatuambia serikali ifute hukumu ya kunyonga wauaji.

"Wanyongwe!" foleni nzima ya wakulima ilimjibu. Mzee mmoja alijishika shingo, akatoa ulimi nje. Tulicheka sana.

Kijana alimwinamia mama aliyechuchumaa kando ya lundo lake, aliyekuwa akichagua kahawa na mwanamke mwenzake. "Na wewe mama, unasemaje?"

"Bwana yangu aliuawa na panga juu ya mpaka ya shamba," alisema bila kuinua macho. Akaelekeza kidevu kwa mwenzake. "Huyu ni bibi ya ule mtu alimuua. Ako jela, anangoja kamba."

Kicheko kilikatika. Vidole vya mwenzake viliongeza mbio.

"Kila msimu anakuja kunisaidia kuchuma. Hakuna mtu alimwita."

Kijana akachangamka. "Kwa hivyo umesamehe!"

"Nani amesema nimesamehe? Nimesema anakuja kuchuma." Akapangusa mikono kwenye leso. "Lakini wakinyonga bwana yake, huyu nitamwangalia na macho gani?"

Wakabeba gunia mpaka kwenye mizani, kila mmoja na upande wake. Tuliwapisha. Kati yetu tuliopiga kelele, sidhani kuna aliyewahi kuuliwa hata kuku. Mzee alikuwa bado amejishika shingo.