Mchicha Nyuma ya Nyumba

Siku ile naikumbuka, mwanangu, utadhani jua lake halijatua. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mimi kijana, cheti cha shule ya jioni bado kinanukia wino. Nilifanya kazi kiwanda cha pamba pale Igogo, kando ya ziwa. Mashine zikinguruma, samaki ziwani waliziba masikio.

Wenzetu kadhaa walikuwa wamehamishiwa kiwanda kipya kisiwani Ukerewe. Meneja akaniita: "Ndugu, vuka ukajue kama wameridhika. Wakiridhika, tunapeleka kundi la pili."

Nikavuka. Wakubwa wa kiwanda wamesimama kando, nikapanda juu ya robota la pamba, nikapaza sauti iliyofika Musoma: "Ndugu wafanyakazi, mmeridhika?"

"Tumeridhika!"

Makofi hayo! Rafiki yangu Lukasi, fundi mashine, alipiga kuliko wote.

Nikielekea bandarini, nikakutana na Mama Koku, bibi wa Kihaya. Zamani mumewe alihamishiwa kisiwani hapo kutoka Bukoba, naye akamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba mwenye cheti. Umewauliza?"

"Wameridhika mpaka basi!"

Akacheka hata akashika kiuno. "Umeuliza midomo. Njoo uulize udongo."

Akanipitisha nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Mchicha. Nyumba ya pili, mchicha. Kwa Lukasi, mchicha wenyewe umekonda.

"Huo ni wa majuma machache tu," akasema. "Asiyepanda kingine, mguu wake mmoja uko melini."

Kisha akanisukuma uani kwake. Mwanangu! Migomba mirefu kama minara, kivuli cha kijani mchana kweupe, mikungu imeinama kama inasali. Miche yake ya kwanza aliivusha ziwa amebeba mgongoni, kama mtoto. Nilivua kofia, utadhani nimeingia kanisani.

"Hata mimi nilianza na mchicha," akasema taratibu. "Siku tulipoambiwa kiwanja ni chetu, ndipo nikapanda mgomba. Hao wenzako wameambiwa nini?"

Nikamrudia Lukasi. Akatazama chini. "Kaka, mke wangu nilimwacha Igoma, ng'ambo ya ziwa. Hapa tunatishiwa kuhamishwa tena kila kukicha. Msimu ukiisha, naacha kazi. Ulitaka niseme hayo mbele ya wakubwa?"

Nilirudi nikamwambia meneja wazi: hawajaridhika, wapeni viwanja, waleteni wake zao. Alikunja uso kama aliyelamba ndimu, lakini kundi la pili likasubiri hadi viwanja vikapimwa. Mvua zilizofuata nilivuka tena, nikamkuta Lukasi na udongo mpaka magotini, mkewe akishindilia mche wa mgomba waliopewa na Mama Koku.

Basi, mwanangu, ukipewa watu wa kuongoza, ukalazimika kuwahamisha, usihesabu makofi yao. Zunguka nyuma ya nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami naongeza, mpe na pa kulimia. Na wewe, popote kazi itakapokutupa, Mungu akupe udongo wa kukupokea, na akuweke hapo mpaka ule ndizi uliyoipanda.