Gari Lenye Macho

Watu walimwita Bomba kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa visima virefu. Kisima kikijaa mchanga, au pampu ikigoma kupandisha maji, alifika na trela lake lililobeba kompresa na fungu la mabomba, akapuliza hewa chini mpaka kisima kikatapika tope, kisha maji yakaanza kutakata. Jina lenyewe alilipenda. Akiulizwa habari zake alijibu, "Si unaona mwenyewe? Bomba!" na watu wakacheka, hata wale waliokwisha kuusikia mzaha huo mpaka ukachuja.

Mkewe alikuwa mkunga kwenye kituo cha afya. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, na kila asubuhi Bomba ndiye aliyempeleka mkewe kazini. Siku akiwa na kazi ya kisima alifunga trela tangu nyumbani, akamshusha mama kituoni, kisha akashika njia ya vumbi.

Gari lao la zamani lilikuwa limeliwa na kutu hata ukikanyaga sakafu unaona barabara ikipita. Wakakubaliana kuagiza jipya, na wakati huohuo Bomba alikuwa na jambo jingine ambalo mkewe hakulijua.

Lilianza kidogo kidogo. Aligonga bega kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Alimwaga chai kwa kusukuma kikombe kilichowekwa kushotoni kwake. Siku moja jirani alisimama ubavuni mwake akamsalimia, naye akaruka kama aliyeguswa na umeme. Akasingizia uchovu. Mwisho akaaga kwamba anafuata vipuri mji mwingine, akaenda kwa daktari wa macho asiyemjua mtu yeyote wa kwao.

Daktari alimwambia ana presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi wala hauwashi. Unakula uoni kuanzia pembeni, ukielekea katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone ingeweza kulinda kilichobaki, akiitia kila siku bila kukosa.

"Na gari?" Bomba akauliza.

"Gari uache, mzee wangu. Jicho la kushoto umebaki na tundu tu la kuchungulia, na la kulia nalo limeanza kuliwa upande wa pua."

Bomba akashukuru, akachukua dawa, akatoka. Kichupa akakificha kwenye sanduku la spana, mahali ambapo mkewe hakuwa na sababu ya kutia mkono. Akarudi nyumbani akiendesha mwenyewe.

Walipokwenda kuchagua gari, muuzaji aliyewapokea alikuwa mtu wa tai na maneno matamu. Aliwaketisha, akawaeleza kwamba wanaweza kusema tangu mwanzo wanataka gari liwe na nini, nalo litakuja hivyo hivyo.

"Tuanze na kazi yake," akasema. "Litakuwa la porini au la mjini?"

"Yote mawili," akajibu Bomba. "Asubuhi linampeleka mama kazini kama malkia, mchana linavuta chuma kizito kwenye makorongo."

"Basi hapo lazima mpatane. Springi ngumu za nyuma zitabeba trela bila gari kukaa kitako. Lakini likiwa tupu, litawarusha kama bisi kwenye sufuria."

Mkunga akainua mkono. "Mgongo wangu umeinamia vitanda vya wazazi tangu ujana. Mkiniwekea springi za lori, mimi nitatembea kwa miguu."

Wakachagua springi za wastani. Wakakataa matairi yenye meno makubwa kwa kuwa yanavuma kwenye lami, wakachukua yale yanayovumilia kote kote. Bomba, aliyekuwa akiapa kwamba gari la otomatiki ni la wavivu, alikubali otomatiki alipoambiwa kuwa linaondoka taratibu mlimani likiwa na mzigo. Akataka kulabu ya trela itoke kiwandani pamoja na nyaya za taa zake, na difu inayofungwa ili magurudumu ya nyuma yasukume kwa pamoja kwenye matope. Mkewe alimsikiliza akivitaja kwa fahari. Ungedhani ni mtu anayeoza binti.

Kisha Bomba akasema, "Vioo vya pembeni, nataka vile vipana. Na kamera ya nyuma. Na kamera za ubavuni pia. Na ile kengele inayolia ukikaribia kitu, iwe mbele na nyuma."

Muuzaji akacheka kidogo. "Mzee, madereva wa siku nyingi kama wewe huwa hawazitaki hizo. Wanasema ni za wanaojifunza."

"Mambo yamebadilika."

"Huyu ndiye aliyenicheka nilipotaka simu ya kioo kikubwa!" mkunga akasema.

Kwa fedha walizokuwa nazo, vitu vyote hivyo visingewezekana pamoja na winchi, ile ya kujivutia ukikwama. Bomba alikuwa ameililia winchi miaka mingi. Kila akirudi nyumbani na tope hadi kifuani, wimbo ulikuwa winchi, winchi. Sasa akasema iondolewe.

"Una homa?" mkewe akamuuliza.

"Nikikwama nitachimba, mama. Mikono ninayo."

Mkunga akamtazama kwa muda. Kulikuwa na kitu alichotaka kuuliza, lakini muuzaji alikuwa anaonyesha rangi za viti, akageukia huko. Baadaye alijilaumu zaidi kwa kule kunyamaza kuliko kwa jambo jingine lolote.

Gari lilipofika, lilikuwa kama Bomba alivyotarajia. Akikaribia ukuta lililia. Akirudi nyuma, kioo kilichokuwa katikati ya dashibodi kilimwonyesha mbwa, ndoo, mtoto wa jirani. Alijifunza kuzungusha shingo kama bundi na kutegemea kengele. Akirudi salama alilipapasa boneti kama mtu anayempongeza farasi. Kwa kuwa gari lilimlinda, akaanza kusahau matone. Leo alisema kesho, kesho akasema keshokutwa. Kichupa kikamkaukia ndani ya sanduku la spana.

Tatizo lilikuwa trela. Akilifunga tu, kengele za nyuma zililia bila kukoma, maana kwao trela lilikuwa kitu kilichokaribia mno. Kamera ya nyuma haikuonyesha kitu ila bati la trela lenyewe. Kamera za ubavuni zilikomea kwenye mlango wa nyuma. Magurudumu ya trela, ambayo kwenye kona hukata ndani zaidi ya yale ya gari, hayakuonekana kabisa. Kwa hiyo siku za kazi Bomba alibonyeza kitufe, akazinyamazisha kengele zote, akaendesha kwa mazoea.

Pale kituoni palikuwa na mlinzi wa geti ambaye kila mtu alimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye koti kubwa kuliko yeye. Kila gari lililoingia alilipigia saluti, liwe la daktari au la muuza mkaa. Kwa mkunga aliongeza maneno: "Mama wa watoto wote, pita!"

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Bomba alikuwa amefunga trela, na kwa sababu ya mvua hakutaka kumshusha mkewe barabarani kama siku nyingine za trela. Akakunja kushoto kuingia getini. Afande alikuwa amesimama kando ya nguzo ya kushoto, mkono mmoja umeshika geti lisirudishwe na upepo, wa pili umepanda kwenye kofia. Gari lilimpita vizuri. Trela halikumpita.

Mkunga ndiye aliyesikia kwanza. "Simama! Simama! Umembana mtu!"

Bomba akakanyaga breki. Waliposhuka, Afande alikuwa ameketi chini ameegemea nguzo, mguu wake mmoja umelala upande ambao mguu haulali. Hakupiga kelele. Alikuwa anatafuta kofia yake kwa kupapasa matope. Mkunga akapiga magoti palepale na sare yake nyeupe, akamshika mguu, akaita machela.

Watu wakakusanyika, na mkuu wa kituo akatoka. Polisi walipofika wakauliza imekuwaje, na Bomba akasema, "Alisimama vibaya. Alikaa upande wa kona."

Maneno hayo yalishika haraka kuliko moto kwenye nyasi. Dereva alikuwa mzoefu, gari jipya. Mlinzi alikuwa mzee mwenye koti la kuburuta. Mkuu wa kituo akasema mara ngapi amemwonya Afande asisimame pale. Kufikia mchana hata wafagizi walikuwa wanasema, masikini, uzee. Afande mwenyewe alikuwa wodini, mguu umevunjika mahali pawili, hana wa kumsemea.

Mkunga alifanya kazi yake siku nzima. Alizalisha, akafunga vitovu, akaandika, na kichwani mwake ikawa inajirudia picha moja: Afande amesimama pale pale alipokuwa akisimama siku zote.

Jioni, jua lingali juu, alimkalisha mumewe mezani, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nitazame puani. Usihamishe macho."

"Mama, nimechoka."

"Nitazame puani."

Akanyoosha mkono wake pembeni, kushotoni kwa mumewe, akavichezesha vidole viwili. "Vingapi?"

Mkunga akausogeza mkono karibu, tena karibu, vidole vikicheza hewani, mpaka vikafika karibu kabisa na pua yake mwenyewe. Hapo ndipo Bomba akasema kwa sauti ndogo, "Viwili."

Akaushusha mkono. Hakupaza sauti. Bomba alisema baadaye kwamba angepaza ingekuwa nafuu.

"Tangu lini?"

"Kabla ya gari."

"Kwa hiyo vioo vile. Kengele zile."

"Ndiyo."

"Mimi nakaa na wagonjwa mchana kutwa," akasema mkunga. "Mchana kutwa! Nikirudi hapa namwandalia chakula kipofu, wala sijui." Akainuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa uani akimpa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Wanamfukuza Afande. Wanasema alizembea."

Asubuhi yake Bomba alikwenda polisi kwa miguu. Akamwambia ofisa kila kitu: daktari, alivyoambiwa aache, kengele alizozinyamazisha. Ofisa aliyemfahamu kwa miaka mingi alimwuliza kama ana hakika anataka hayo yaandikwe. Akasema yaandikwe. Alinyang'anywa leseni, akafikishwa mahakamani, akapewa adhabu ya kifungo cha nje na kuamriwa kumhudumia Afande mpaka apone. Wengine walimsifu kwa kusema kweli. Wengi zaidi walimwona mwongo aliyechelewa, na wateja wa visima waliokuwa wakimngojea kwa heshima wakapata fundi mwingine.

Siku alipokwenda wodini alikuta Afande amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na vizito. Akasimama miguuni mwa kitanda, ili aweze kumwona vizuri.

"Ndugu yangu, nilisema uongo juu yako. Wewe hukusimama vibaya. Mimi sioni upande huu."

Afande alikuwa hana meno mengi, na alipofikiri midomo yake iliingia ndani.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningejua huoni, ningekupisha. Mimi nilisimama pale kwa sababu najua unaniona. Kila siku unanipungia mkono."

"Nilikuwa nakusikia, sikuoni. Nikisikia unamwita mama wa watoto wote, napunga."

"Ala," akasema Afande. Akageuza uso ukutani.

Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi. Kazi walimrudishia baada ya ukweli kujulikana, ila mtu asiyeweza kusimama kutwa hawezi kulinda geti, na kabla ya msimu kwisha aliomba mwenyewe kwenda kwao kuishi kwa dada yake. Mkunga alimsindikiza hadi kituo cha mabasi, akambebea mfuko. Bomba hakualikwa, naye hakuomba kwenda. Kila mwezi humpelekea matumizi. Hajawahi kupokea jibu, wala kurudishiwa.

Trela na kompresa alivichukua yule fundi mwingine. Gari lilibaki, na mkunga akajifunza kuliendesha katika umri ambao wenzake wanajifunza kukaa kitako. Humwacha mumewe nyumbani na redio. Mwanzoni Bomba alikuwa akisafisha spana ambazo hakuna aliyezitumia. Sasa hata hizo ameziacha. Jirani akija kumwomba ushauri juu ya pampu iliyogoma, humsikiliza mpaka mwisho, akamjibu vizuri, kisha hunyamaza hadi jirani mwenyewe aage. Akiulizwa hali husema, "Tupo."

Jicho la kushoto limekwisha zima. La kulia linalindwa na matone, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mkunga humtia mwenyewe, maana katika hilo hamwamini tena. Humkalisha kwenye kiti, humwinua kidevu, humvuta ukope wa chini kwa kidole gumba.

Asubuhi moja, mkono ukiwa bado kidevuni, alimuuliza jambo ambalo hakuwa amemuuliza siku zote hizo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema niache."

"Ningesema uache," akajibu mkunga, akaminya kichupa, tone likaingia, akamwambia afumbe.