Mstari Alioongeza Bi Irmtraud

Bi Irmtraud Wessels alikuwa msahihishaji katika kiwanda kinachochapa Gazeti la Serikali la jimbo letu. Miaka thelathini na mmoja, hakuruka hata nukta. Hata baada ya kustaafu, ukimpelekea kadi ya Krismasi alikurudishia ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Yangu ninayo mpaka leo, na bado inaniudhi.

Kila Alhamisi tulikunywa chai kwake, mimi na jirani yetu Onno Tjarks, anayekausha samaki aina ya mikunga kwa moshi. Alhamisi moja Onno alikuja na barua ya serikali. Banda lake la kukaushia, lililojengwa na babu yake, lifungwe kabla ya Pasaka kwa kuwa liko karibu mno na nyumba za watu. Waziri alishatoa kanuni ya kufunga mabanda kama hayo miaka minne iliyopita.

"Nyumba zenyewe ndo zenu nyie wawili," Onno akasema. "Nani kalalamika?"

"Mimi moshi wako naupenda kuliko wewe mwenyewe," nikamjibu.

Bi Irmtraud hakucheka. Aliitazama tarehe ya kanuni, kisha akatia kijiko ndani ya kikombe chake. Kwetu ukitia kijiko umetosheka, na hakuna anayetosheka kabla ya vikombe vitatu. Yeye alikuwa amekunywa kimoja. Mimi na udadisi ni chanda na pete, kwa hiyo Onno alipoondoka nilibaki.

"Una nini, Bi Irmtraud?"

"Kanuni hiyo ilipita mikononi mwangu. Wiki yangu ya mwisho kazini."

"Kwani wewe ndo waziri?"

"Acha mzaha, Wiebke. Waziri hajitungii sheria. Kila kanuni yake lazima ianze kwa kutaja kifungu cha sheria ambacho kwacho bunge limempa ruhusa. Katiba ndivyo inavyotaka. Asipokitaja, kanuni haina nguvu. Na ile ililetwa bila kifungu. Kichwa, halafu amri. Ilinikera!"

"Ukafanyaje?"

"Ijumaa saa nane mchana, nani atapokea simu wizarani? Nikatafuta kifungu kinachokaribiana, nikakiandika mwenyewe."

Nilitaka kujua kifungu chenyewe kinasema nini.

"Urefu wa dohani, lile bomba la kutolea moshi," akasema kwa sauti ndogo. "Bunge lilimruhusu apange urefu wa dohani, basi. Kufunga mabanda ya watu hawakumwambia."

Nilimwonea huruma, lakini nilikasirika pia. Kalamu ile haikuweza kutulia hata siku moja? Bila mstari wake, mwanasheria yeyote angeliona pengo. Sasa lilikuwa limefunikwa, na ili banda lipone, ilimbidi asimame mahakamani akiri mbele ya watu aliofanya nao kazi maisha yake yote.

Alhamisi iliyofuata alimwambia Onno mwenyewe. Onno alisukuma kikombe chake pembeni.

"Jirani, miaka minne nakuletea mkunga kila Jumamosi."

"Najua. Na ni mtamu."

Onno alishtaki. Nakala aliyosaini waziri ilitolewa kwenye kumbukumbu, na kweli, mstari haukuwemo. Jaji, mama mmoja mtulivu, akamgeukia Bi Irmtraud.

"Nani alikupa mamlaka ya kuandika mstari ule?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Niliona pengo, nikaliziba."

Nyuma yetu mtu wa kiwandani alicheka. Shingo ya Bi Irmtraud iligeuka nyekundu, lakini hakuinamisha kichwa. Jaji akamgeukia wakili wa wizara.

"Na waziri? Mamlaka ya kufunga mabanda alipewa na nani?"

Wakili alifunua faili, akafunua tena, kisha akalifunga. Kanuni ikafutwa.

Jumamosi Onno alileta mkunga, na juu yake kikaratasi cha kushukuru alichosahau kutia tarehe. Bi Irmtraud alichukua kalamu nyekundu. Aliishika kidogo, akairudisha mezani.

"Mbona huandiki?" nikamuuliza.

"Hajaniomba," akasema, akanimiminia kikombe cha tatu.