Vizibo Vinne Ukutani

Wiki ile watu wanne walipoenda kuzunguka mwezi, darasani kwetu kila mtu aligeuka fundi wa roketi. Kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu mbele ya watu mimi siongei. Nyumbani niliongea na kambo tu, babu yangu mzaa mama, ambaye mapafu yake yalibaki mgodini.

Kambo aliifuata safari ile kwenye redio. Siku walipoondoka alitoboa vizibo vinne vya bia, akavitundika kwenye misumari, kando ya jetoni, kisahani cha shaba kilichokuwa pale ukutani tangu kabla sijazaliwa. Desturi niliijua: zamani zake, mchimbaji akishuka anatundika jetoni yake yenye namba ubaoni, akipanda anaitoa. Ubao ukibaki mtupu, watu wote wako juu.

Chombo chao kilikuwa kitue baharini usiku. Asubuhi redio ilikuwa kimya, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake.

"Enda ku kibanda ya kuchaji masimu," kambo akaniambia. "Uulize kama balishatoka mu maji."

Nilienda. Vijana walikuwa wamejaa pale, wanabishana juu ya mwezi, wameizunguka simu moja. Nilisimama nikiangalia viatu vyangu, kisha nikarudi. Sikumuuliza mtu.

"Balishatoka, kambo. Bote."

Akaanza kutoa vizibo, kimoja kimoja. Kwenye cha tatu akasita.

"Ulisikia na masikio yako?"

"Ndiyo."

Akakitoa, na cha nne pia. Halafu akaigusa ile jetoni.

"Hii ilikuwa ya rafiki yangu. Bakubwa ba mgodi baliniuliza: alishapanda? Nikasema alishapanda. Sikumuona. Nilichoka tu, nilitaka kurudia ku nyumba. Njo bakapiga baruti kule chini."

Hakuwahi kunisimulia hilo.

"Kambo, nilikudanganya. Sikuuliza muntu. Nilikuwa na haya."

Hakunigombeza. Alivirudisha vizibo vyote vinne kwenye misumari, akakaa kitandani, akaangalia mlango. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Nikarudi kibandani, mbio.

"Ba yaya," nikawaambia kaka wale, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "bale bantu ba ku mwezi, balishatoka mu maji?"

Vijana wakageuka. Kisha kicheko.

"Eh! Kumbe huyu binti iko na sauti!"

"Bwana yako iko mule mu roketi?"

Mwenye simu hakucheka. Alinisogezea video: chombo kinaelea, mlango uko wazi, watu wanasaidiwa kutoka. Mmoja, wawili, watatu. Wa nne alichelewa, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nikamwomba airudishe nyuma, nikawahesabu tena.

"Nilibaona na macho yangu, kambo. Bane."

"Basi, toa weye."

Nikavitoa vyote vinne, nikamwekea mkononi. Jetoni sikuigusa, na yeye hakuniambia niiguse.