Farasi Aliyeteleza kwenye Udongo wa Kichuguu

Jamani, kuna jambo nimelificha tangu enzi za Mwingereza, na leo limenifuata hadi kitandani.

Wakati huo nilikuwa karani hapa Tabora. Mzungu wangu alitaka uwanja wa kuzungushia farasi wake. Akaniachia barua ya maelekezo, akaenda safari.

Nikamwambia Kassimu, mnyapara wetu asiyejua kusoma, atandaze udongo wa kichuguu, na kina mama waumwagie maji na kuuponda kama uwanja wa kupuria mtama.

Wee! Uling'aa kama sahani.

Mzungu akarudi, akapanda. Farasi alipiga hatua tatu. Ya nne aliketi, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Mzungu akaendelea na safari peke yake hadi kwenye uzio.

Akafoka kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Kassimu akaniuliza.

"Anasema mmeponda kupita kiasi."

Kassimu akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Leo amekuja kunijulia hali, na mkongojo wake.

"Karani, nisamehe kabla hatujaachana. Nilikuaibisha. Ningewazuia kina mama mapema."

Uji ukanipalia. Na mimi, mwana wa watu, nikamjibu, "Nimekusamehe, ndugu yangu."

Nimemsamehe! Semeni, nicheke au nilie?

Mjukuu wa Kassimu, najua unasoma ninayoandika hapa. Msomee babu yako. Mzungu alikuwa anauliza mchanga uko wapi. Barua ilisema mchanga laini, na niliielewa vizuri. Nilidhani tu kwamba Mzungu hajui uwanja mzuri ukoje.