Wanawake Wasionong'ona

Kwetu milimani Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamume atalima, atajenga, atasomesha, lakini ukoo wake unakomea kwake. Watoto wake ni wa kwa mkewe. Shamba linapita kwa wanawake, jina la ukoo linapita kwa wanawake. Nyumba isiyozaa msichana ilikuwaga inatazamwa kama jiko linalozimika na kuni zimekwisha.

Na ukoo wetu sie ulikuwa na alama yake. Wanawake wetu masikio hufa mapema. Mama yangu alianza uziwi hajaota mvi hata moja. Dada zangu vilevile. Mie sikio la kushoto liliniaga nikiwa bado nanyonyesha. Hatukuita ugonjwa. Tulisema kwa sauti kubwa, tukacheka kwa sauti kubwa, na watani wetu misibani walikuwa hawatuachi: "Hawa msiwape siri, hawanong'oni! Wakiungama kwa padri, kanisa zima linajua dhambi zao!" Tukacheka nao, vifua mbele. Msichana wa kwetu akianza kugeuza kichwa ili akusikie, tulisema, eeh, huyu wetu hasa.

Nilizaa wa kiume wawili na binti mmoja. Binti akaolewa na mtu wa kaskazini, huko ambako mtoto ni wa baba. Tunakaa pamoja Gongo la Mboto, wao vyumba vya mbele, mie cha uani, na barazani nauza maharage na mchele. Walijaliwa mtoto mmoja tu, msichana. Mimba nyingine zote zilitoka. Alipozaliwa huyu, shangazi yake, dada wa baba, alikuja na ndizi na nyama, akambeba, akamgeuza juani.

"Huyu wa kwetu," akasema. "Ona paji la uso hilo."

"Paji chukua," nikamwambia. "Mtoto wangu."

Tukacheka wote. Mie nilicheka kwa sababu nilijua nimeshinda.

Mjukuu wangu alikuwa mwepesi wa kila kitu, mdomo ukiwa wa kwanza. Alipokaribia kuvunja ungo miguu ikaanza kuchoka. Akirudi shule analala na viatu. Mwalimu akasema mtoto mvivu. Kisha siku moja tunachagua maharage barazani, mkono wake wa kulia ukaachia sinia, mdomo ukaenda upande, akatapika, akaanguka. Alipozinduka haoni vitu vya upande mmoja. Akapata nafuu, tukashukuru. Ikaja tena. Kila ikija inaondoka na kitu chake. Mara ya pili iliondoka na kusoma, herufi zikawa zinamkimbia. Nyingine ikaondoka na kusimama.

Nilisema ni upande wa baba. Sikusema chinichini, maana siwezi. Shangazi akasema basi aende kaskazini, wazee wachinje, wamuombee kwa mababu. Nikawaambia nendeni, kulikoharibika ndiko kukatengenezwe. Wakaenda, wakachinja. Alirudi kabebwa mgongoni.

Ndipo tukapelekwa kwa daktari mmoja, mwanamke kijana, mpole. Tuliingia mie, binti yangu na mtoto. Nilidhani atamtazama mtoto. Akanitazama mie, nilivyokuwa nimepinda shingo kumsikiliza.

"Shikamoo bibi. Hilo sikio lilianza lini?"

"Marahaba. Hatukuleta sikio, tumeleta mtoto."

"Najua, bibi. Na mama yako alikuwa anasikia?"

Nikamjibu kama mtu anayesifia kwao. Mama, hapana. Dada zangu, hapana. Kisukari? Mama alikuwa nacho, na dada mkubwa alikufa nacho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuandika. Akamgeukia binti yangu, akamuuliza neno kwa sauti ndogo. Binti yangu akageuza kichwa na kumletea sikio la kulia. Daktari akaweka kalamu chini.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa mbali, majibu yakachelewa hata nikaanza kuyasahau. Yalipokuja daktari alieleza kirefu, nami nilipata nusu. Nusu nyingine alinieleza mjukuu wangu nyumbani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mito mgongoni. Mambo ya seli alikuwa ameyasoma kabla herufi hazijamkimbia, na aliyapenda.

"Bibi, mwili wako wote ni vyumba vidogo vidogo. Ndiyo seli. Katika kila chumba kuna vitu vinapika. Chakula unachokula vinakigeuza nguvu."

"Haya."

"Hivyo vinavyopika havikuwa vyetu. Zamani, kabla ya mtu, kabla hata ya mti, vilikuwa vidudu vinavyojitegemea. Kidudu kimoja kikammeza mwenzake, kisimsage."

"Kwa nini asimsage?"

"Hakuna aliyekuwepo, Bibi. Labda alimshinda. Akabaki tumboni mzima. Akawa anapika, aliyemmeza anakula."

"Mpangaji."

"Mpangaji! Sasa mpangaji huyo amekaa mpaka kasahau mlango uko wapi. Akizaa, anazalia mlemle. Kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika, maagizo yake ya kuishi yakahamia kwa mwenye nyumba, yanatunzwa huko. Akabakiwa na machache mkononi. Leo hawezi kutoka, na sie bila yeye hatumalizi hata kupumua."

Nikamwambia mie najua Mungu aliumba mtu.

"Sijakataa. Nakwambia alivyompikia."

Nikacheka. Halafu nikauliza nililokuwa nalikwepa, kwamba kilichoharibika ni kipi.

"Yale machache aliyobaki nayo mkononi," akasema. "Yaliyohamia kwa mwenye nyumba yanalindwa vizuri. Yaliyobaki jikoni yapo karibu na moto, yanaharibika upesi."

"Na ya baba?"

"Mbegu ya baba inakuja na wapishi wake, yai la mama linawaua. Kama kwenu, Bibi. Mwanaume anakuja kuoa na begi lake, begi linaachwa nje. Wapishi wote ni wa mama. Mama yako kakupa wewe, wewe kwa mama, mama kwangu. Wajomba nao wanao wapishi hao, lakini kwao wanaishia."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mambo hayo ningemfundisha mie. Nimeyajua tangu natambaa: kwa mwanamume ukoo unakomea, kwa mwanamke unapita. Sikuwahi kufikiri kwamba huo ukoo niliokuwa naulilia ni kitu kweli, kiko ndani ya nyama, na kwamba kimeoza.

"Mbona mie ni mzee na natembea?"

Akaninyooshea mkono uliobaki na nguvu, akaomba maharage. Nikamsogezea gunia lenye mchanganyiko, mazima na yaliyotobolewa na wadudu. Akachota konzi bila kutazama, akafungua kiganja. Mazima mengi, mabovu matatu manne. "Wewe," akasema. Akachota tena, mabovu yakazidi kidogo. "Mama." Ya tatu hakuifungua, aliirudisha ndani ya gunia. "Mtu hachagui, Bibi. Unachotewa."

Nilikaa pale mpaka mteja akaja akaniita, akaniita tena, akaniita kiziwi. Nikampimia.

Dawa ya kuponya hakuna. Vidonge vya kusaidia vipo, anameza. Daktari alisema pia kwamba akizaa atawagawia wanawe, na mwili wake wenyewe mimba unaweza usiihimili.

Binti yangu aliyasikia hayo akayaweka pembeni. Alikuwa na lake. Mtoto amevunja ungo, atachezwa unyago.

"Hajiwezi kusimama," nikamwambia.

"Atachezwa amekaa. Mama, mtoto wa kike asiyechezwa ni kama keshazikwa."

"Ulimsikia daktari."

"Daktari hakusema hatazaa. Alisema hatari. Hatari nani hana? Mungu yupo."

Alikuwa ananunua khanga mpya, anazificha kabatini, anazitoa, anazinusa. Ningemkatalia vipi? Ndiye niliyemfundisha kwamba ukoo ukikosa msichana anayezaa umekufa, na yeye anaye huyo mmoja tu.

Kwetu mwali anapotolewa, mwanamke mzee kuliko wote wa upande wa mama anainama sikioni kwake na kumpa maneno. Mie nilipewa na bibi yangu, binti yangu nilimpa mie. Maneno yenyewe siyaandiki. Mwisho wake ni amri: uzae, usituzime.

Asubuhi ya siku hiyo nilimsafisha mjukuu wangu mie mwenyewe. Alikuwa mwepesi, mifupa na maji.

"Bibi, utanipa na lile la mwisho?"

"Nani kakwambia lipo?"

"Mama."

Nikaendelea kumpaka mafuta. Akanishika mkono.

"Usinipe lile. Nikipewa nitalitaka."

Walikuja wanawake wachache, majirani wa huku na wa kwetu waliohamia Pugu Road. Shangazi naye alikuja, ingawa si mila yake, akakaa mlangoni na ndizi zake. Ngoma ilipigwa kwa viganja tu, kwa sababu ya kichwa cha mtoto. Tulimweka mkekani, tukamwegemeza kwangu, khanga mpya kichwani. Binti yangu alikuwa uani anapakua wali. Nilimwona kupitia mlango wazi, anafanya haraka ili asikose.

Nikainama. Nikampa maneno yote kwa mpangilio kama nilivyopewa. Nikafika mwisho. Mdomo wangu ulikuwa umegusa sikio lake, na nilibana sauti kooni kadiri mwanadamu anavyoweza kubana.

"Usizae, mama," nikamwambia. "Iishie kwako."

Kwanza niliona mikono imesimama juu ya ngoma. Kisha nikaona nyuso. Shangazi alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa khanga. Mjukuu wangu mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani imemjia tena. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka.

"Bibi," akasema, "kanisa zima."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali mikononi. Aliwatazama wanawake, mmoja mmoja, akanitazama mie. Halafu akageuza kichwa taratibu, akaniletea sikio la kulia, kama mtu ambaye hakupata vizuri na anaomba arudiwe.

Sikurudia.