Kijiko cha Pili cha Baruti

Harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka pamoja na madini ya risasi katika sufuria ndogo ya chuma: hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa tisa. Ilitoka katika chumba cha maziwa cha shamba la Madamu, juu ya milima ya Masisi, ikichanganyika na harufu ya krimu iliyochachuka na ya makoti ya wachungaji yaliyolowa ukungu. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Baba yangu, Safari, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wachungaji pale. Madamu alikuwa mjane wa Kizungu ambaye mumewe alikufa akamwachia ng'ombe wengi, farasi mmoja mzee, na bastola yenye vyumba sita vya kuzunguka. Bastola hiyo ilikuwa na kazi moja tu shambani, kummaliza ng'ombe aliyeanguka korongoni akavunjika mguu, ili asiteseke. Macho ya Madamu hayakuona mbali. Kwenye karatasi za serikali bastola ilikuwa yake, lakini mkono ulioishika ulikuwa wa baba.

Mkono huo nao ulikuwa na shida yake. Fahali alikuwa amembana baba kwenye uzio, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika na kuunga vibaya. Risasi za dukani zilirudisha teke kali. Kila alipopiga moja alikunja uso, na jioni mama alimkanda kwa maji ya moto. Tena mlio wake uliwatimua ng'ombe hadi upande wa pili wa kilima, na kesho yake maziwa yakapungua. Marehemu mume wa Madamu alikuwa ameacha vyombo vyake vya kujazia risasi nyumbani: kimashine cha mkono kilichofungwa mezani, kalibu ya kusubia, kijiko kidogo cha shaba, na makopo matatu ya baruti. Madamu akamwambia baba watengeneze risasi za upole, zisizoumiza mkono wala kutisha mifugo.

Lakini upole huo utoke katika kopo lipi? Baba alikuwa mtu wa Kibua, huko Walikale, mtoto wa msitu. Baba yake, babu yangu, alikuwa mwindaji wa gobori, na siku moja alisahau kwamba ameshatia baruti, akatia tena. Bunduki ilipasuka, jicho moja likaenda. Kwa hiyo baba aliyasogelea makopo yale kama mtu anayeinua jiwe akijua kuna nyoka chini yake. Kopo la kwanza lilikuwa na punje ndefu kama vijiti vilivyokatwakatwa, baruti ya bunduki kubwa ya marehemu. Walidhani wakitia kidogo tu itakuwa pole. Siku ya kuijaribu bastola ilikohoa badala ya kulia. Punje ambazo hazikuungua zilimwagika kwenye mkono wa shati la baba. Hakupiga tena. Alitoa risasi zote, akachungulia mtutu kwa nyuma, akaona giza: risasi ilikuwa imekwama katikati. Aliisukuma kwa kijiti cha shaba, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi, kisha akalifunga kopo lile na kulirudisha juu kabisa ya kabati.

Kopo la pili lilikuwa na baruti laini na nzito, kama pilipili manga iliyosagwa. Kidogo tu kilitosha, kikilala chini kabisa ya ganda la risasi kama vumbi chini ya mtungi. Hiyo ilipiga vizuri: mlio mfupi, moshi haba, na mkono wa baba ukatulia. La tatu lilikuwa na vipande vipana na vyepesi kama pumba za mtama. Nalo lilipiga kwa upole, ila lilitoa moshi na kuacha masizi, na Madamu hakupenda uchafu. Wakachagua la pili. Hata mimi ningelichagua.

Kazi ya kutia baruti niliiomba mwenyewe. Nilisoma shule ya misheni, nilijua kuhesabu, na vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Wachungaji walicheka. "Mutoto mwanamuke na baruti?" mmoja akauliza. Baba akamjibu, "Huyu anajua kuhesabu kunipita." Neno hilo lilinipa kichwa kikubwa kwa wiki nzima.

Nilifanya kazi ile mara mbili bila kosa. Mara ya tatu, maganda thelathini yalikuwa yamesimama kwenye ubao wenye mashimo, fataki za kuwashia baruti zimeshapachikwa chini yake, nami natia kijiko kimoja kwa kila ganda, mara mvua ya mawe ikaanguka juu ya bati. Mawe makubwa kama mayai ya kwale yalirukaruka uani. Baba alitoka mbio kuwaingiza ndama, nami nikakimbilia dirishani. Niliporudi mezani sikukumbuka nilikuwa nimefika ganda gani. Nilichungulia ndani ya maganda, lakini wingu lilikuwa limetia giza chumbani, na kila tundu lilionekana jeusi sawasawa. Nilikisia, nikaendelea. Baruti ile ilikuwa kidogo mno kiasi kwamba hata vijiko viwili vingeingia ganda moja na nafasi ikabaki. Baba alirudi amelowa, akapachika risasi juu ya maganda yote thelathini kwa kimashine, akayapanga sandukuni. "Iko sawa?" akaniuliza. Nikasema, "Iko sawa, Papa."

Siku mbili zilizofuata niliacha chakula sahanini. Mama aligusa paji langu la uso akidhani ni homa. Nilijiambia kwamba labda nilikisia vizuri. Kisha nilimwona babu, ambaye sasa aliishi nasi, akigeuza kichwa chote, kama alivyofanya daima, ili anitazame kwa jicho lililobaki, nami nikajua kwamba labda haitoshi. Lakini kusema kungemaanisha kukiri kwamba nilidanganya, wachungaji wangecheka tena, na baba asingenipa kazi ile maisha. Nilipima vitu hivyo viwili, aibu yangu na uso wa baba, na naona haya hadi leo kwamba ilinichukua siku mbili kuona kipi ni kizito.

Siku ya tatu asubuhi mchungaji alikuja kusema ng'ombe mmoja, jike jekundu, ameanguka korongoni na mguu umevunjika. Niliona baba akipita na bastola kiunoni, Madamu akimfuata na fimbo yake. Nilibaki nimesimama kwa muda ambao ningeweza kusali Baba Yetu moja. Kisha nikakimbia. Nyasi zilikuwa na umande, nilianguka mara mbili, sketi ikachanika. Nilipofika ukingoni baba alikuwa tayari ameinua mkono.

"Papa, usipige! Papa!"

Aliushusha mkono taratibu, mtutu ukielekea chini, akageuka. "Kuko nini?"

"Masasi ya ndani ya bastola. Siku ya mvua ya mawe nilipoteza hesabu. Sijui kama kuko moja yenye iko na vijiko mbili."

Nilingoja kofi. Baba alifungua bastola, akatoa risasi sita moja moja, akazitia katika kofia yake na kumkabidhi Madamu. Jike jekundu alimmaliza kwa kisu, kazi aliyoichukia, na ng'ombe yule alichelewa kufa kwa sababu yangu. Sikuweza kutazama. Baada ya kunawa alinishika bega, akasema, "Twende tuhesabu."

Tuliketi mezani watu watatu. Baba alivua kila risasi kutoka kwenye ganda lake na kumwaga baruti juu ya sahani nyeupe, rundo moja moja. Alianza na zile sita zilizokuwa kwenye bastola. Zote zilikuwa sawa, marundo madogo yaliyofanana. Nilianza kupumua, nikidhani nimeogopa bure. Baba aliendelea. Kumi, kumi na tano, ishirini. Ganda la ishirini na mbili lilimwaga rundo ambalo hata macho mabovu ya Madamu yaliliona. Alishika kinywa chake. Hapo nikaelewa jambo ambalo lilinitisha kuliko kofi: kama ningenyamaza asubuhi ile, bastola ingelia vizuri, nami ningejiona nimepona. Risasi ile ingengoja sandukuni kwa subira yake, hadi siku ambayo ningekuwa nimeshaisahau.

Nililia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Madamu alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba mtoto asiguse tena vyombo vile. Baba alitikisa kichwa.

"Hapana, Madamu. Baruti ndiyo tubadilishe. Mutoto abaki."

Alisimama, akashusha kopo la tatu, lile la pumba. Akaweka ganda tupu juu ya sahani, akatia kijiko kikubwa kilichoifaa baruti ile. Ganda likakaribia kujaa. Akatia cha pili. Vipande vyepesi vilifurika, vikamwagika pande zote, hadi mezani.

"Unaona? Hii ukikosea, inasema yenyewe."

"Iko na moshi," Madamu akasema.

"Moshi nitafuta, Madamu. Jicho likienda, sitaweza kulirudisha."

Madamu alicheka kidogo, akaondoka kwenda kuangalia maziwa. Tangu siku hiyo tulitumia kopo la tatu, na lilipokwisha akaagiza jingine la aina ileile. Mimi nilitia baruti hadi nilipokwenda shule ya mabweni, na kila tulipomaliza baba aliusafisha mtutu kwa kitambaa hadi masizi yote yakatoka. Wachungaji hawakupata kujua kwa nini risasi zetu zilianza kutoa moshi.

Shamba lile liligawanywa zamani. Baba alikufa mzee sana, kitandani kwake, na macho yote mawili. Mimi naishi Goma, na ninapopanda kwenda Masisi napita Mubambiro, kwenye kambi ya askari, kisha Sake, na gari linaposimama nasikia watoto wakibishana mlio wa mbali ni wa bunduki gani. Wanazijua kwa majina. Utotoni mwangu nilijua bunduki mbili tu, ya babu na ya Madamu, na nilimjua kila mtu aliyeshika yoyote kati ya hizo. Mwaka jana nilikaa Kashuga kwa mpwa wangu, kati ya watu waliokimbia vijiji vyao, na msichana wa umri wangu wa wakati ule aliniuliza kama nami niliogopa bunduki nilipokuwa mdogo. Nikamwambia ndiyo, niliogopa siku tatu. Akanitazama kana kwamba namtania. Sikumtania. Woga wangu mkubwa kuliko wote ulidumu siku tatu, nikausema, ukamwagwa juu ya sahani nyeupe na kuhesabiwa, na baba akainuka mezani mzima.